Tausi mgeni hafungwi kamba kama kuku

Wanaonunua tausi huuliza bei na chakula. Namna ya kumtuliza nyumbani hawaulizi, maana wanaamini jibu wanalo: afungwe mguu kamba siku tatu, kama kuku aliyetoka kwa shangazi, kisha afunguliwe. Siku ya nne simu inalia, tausi yuko juu ya mwembe wa mtaa wa tatu.

Dhana: siku tatu zinatosha, wiki moja ni kumtesa.

Hazitoshi hata kidogo. Kuku mgeni akichanganyikiwa haendi mbali, jioni utamkuta nyuma ya jiko. Tausi asili yake ni misitu ya India na Sri Lanka, hulala mitini, na akishtuka hupaa wima. Akiwa huko juu banda lako halimwambii kitu, kwa hiyo huondoka kutafuta kwao. Kamba nayo ni balaa: akiruka nayo, mguu unateguka kwenye nyonga au goti, na ndege mzito namna hiyo akiteguka ni nadra kupona vizuri.

Mweke bandani wiki 6 hadi 8 akiwa mchanga. Mkubwa aliyezoea kwingine mpe miezi 3. Banda liwe pale pale unapotaka awe anarudi kulala, na aone uwanja, watu, mbwa wa nyumbani na, akishamaliza siku 30 za kutengwa nitakazozitaja hapo chini, tausi wengine. Ukimfungia stoo yenye giza miezi miwili, utakayemtoa ni mgeni yule yule wa siku ya kwanza.

Kila ndege apate angalau mita 10 za mraba. Kimo kiwe mita 2.5, na juu tandika wavu laini wa nailoni. Waya mgumu humchuna ngozi ya kichwa akipaa usiku. Pa kulala weka ubao wa inchi 2 kwa 4, upande mpana ukiwa juu, mita 1.8 kutoka chini na mita 1 kutoka ukutani, la sivyo mkia wa dume utasuguliwa hadi unyonyoke.

Siku ya kumtoa, toa mmoja tu. Mtoe saa kumi na moja jioni, akiwa na njaa, wenzake wakibaki ndani: sauti zao ndizo zitakazomrudisha. Gonga kopo lile lile ulilogonga kila siku ukimlisha, mwagia karanga mlangoni, mfungie giza linapoingia. Rudia siku kadhaa kabla ya kuongeza wa pili. Kukiwa na upepo mkali, au spika za harusi kwa jirani, ahirisha.

Dhana: kata bawa, hatatoka.

Atatoka. Ana miguu ya kuruka, na uzio wa mita 1.5 ataudandia bila bawa. Akishuka upande wa pili, mbwa wakimvamia hawezi kupaa. Tena manyoya huota upya kila mwaka.

Dhana: anaonekana mzima, mwingize kwa kuku leo leo.

Mtenge siku 30 kwanza, mbali na wengine, viatu vyako vya banda lake viwe vya kwake peke yake, na umhudumie wa mwisho. Kuku wako wanaweza kuwa na minyoo ya utumbo mpofu ambayo mayai yake hubeba vijidudu vya histomonasi. Kuku mara nyingi hawaonyeshi dalili kubwa, ila tausi huharibika ini, hunya kinyesi cha njano ya kiberiti, na hufa. Mayai hayo hukaa ardhini miaka, kwa hiyo banda la tausi lisijengwe palipokuwa pa kuku. Peleka kinyesi kipimwe, kisha daktari wa mifugo akupangie kipimo cha fenibendazoli kwa uzito. Dawa hiyo huua minyoo, lakini histomonasi wenyewe haiwaui. Chanjo ya kideri usiisahau.

Siku 30 zikiisha, mhamishie banda lililo kando ya la wenzake, waonane kwa waya wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Hao wengine ni tausi, sijasema kuku.

Dhana: madume wawili watazoeana.

Kwenye uwanja mpana, pengine. Ndani ya banda moja msimu wa kupandana watachomana kwa miiba ya nyuma ya miguu. Dume mmoja kwa majike 3 hadi 5.

Dhana: hajala siku ya kwanza, kwa hiyo anaumwa.

Ni uchovu wa safari. Mwekee maji, funika upande mmoja wa banda apate kificho, na acha kumchungulia kila nusu saa. Akifika siku ya tatu hajala, ita daktari. Na siku ya kununua, beba kilo mbili za chakula alichokuwa akila, uchanganye na chako taratibu kwa siku 10.