Muda wa kushona baada ya kustaafu: yasemwayo na yaliyo kweli

Anayekaribia kustaafu huwa na orodha kichwani: mfarishi wa viraka aliouanza akauacha, bustani, gitaa, vitabu, kwaya. Miezi inapita, viraka bado vimo mfukoni. Wengi hujiita wavivu, na jina hilo hawalistahili. Kinachowaangusha ni mambo waliyoyaamini kuhusu muda wenyewe. Nitazungumza zaidi na washonaji wa mifarishi, maana tandiko la tabaka tatu (viraka juu, pamba katikati, kitambaa kizima chini) halishoneki bila mpango wa muda. Mwenye gitaa au jembe atajiona humu pia.

Dhana: Ukishaacha kazi, muda utakuwa tele

Muda usio na mwenyewe huchukuliwa na wa kwanza kuuomba. Mwaka 1955 C. Northcote Parkinson, mwanahistoria wa Kiingereza, aliandika katika jarida la The Economist kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliopo. Mfano alioutoa ni wa bibi mwenye nafasi anayemaliza siku nzima kumtumia mpwa wake kadi ya posta: atafute kadi, atafute miwani, atafute anwani, aandike, kisha aamue kama achukue mwavuli. Mtu mwenye shughuli nyingi, alisema Parkinson, angemaliza kwa dakika 3.

Ajira, pamoja na uchovu wake wote, ilikupa saa ya kuanza, mahali pa kukaa na watu wanaokungoja. Vyote vitatu huondoka siku moja. Pengo linalobaki hujazwa na usafi usiokwisha, na pia na wapendwa wako. "Bibi, si upo tu nyumbani? Nikuachie mtoto." "Mama, nipitie benki, wewe huna haraka." Maombi haya hayana ubaya, na mengine yanaleta furaha ya kweli. Ila kila mmoja huomba saa moja tu, na hakuna anayezijumlisha.

Basi saa ya kushona itangulie maombi, na iwe ileile kila mara ili nyumba nzima iizoee. Huna haja ya kumkatalia mtu. "Mlete saa nane, asubuhi nashona" ni jibu la upendo, na lina saa ndani yake. Jibu la "nikipata nafasi nitashona" ndilo la kuogopa, kwa sababu nafasi hiyo haipatikani.

Dhana: Kushona kunataka siku nzima iliyotulia

Naamini imani hii imekwamisha mifarishi mingi kuliko nyingine yoyote. Kushona mfarishi ni kazi nyingi tofauti, na kila moja ina muda wake.

Kukata ndiko kunakotaka utulivu, meza pana na macho ambayo hayajachoka. Kipande kikizidi milimita 2 tu, safu ya viraka 20 itazidi kwa sentimita 4, na hakuna pasi itakayoficha hilo. Kata asubuhi, tena siku ambayo huna miadi. Kuunga viraka ni tofauti kabisa. Ukishazoea kuacha robo inchi ya ukingo, yaani karibu milimita 6, mikono hujiendea. Pitisha jozi baada ya jozi chini ya mguu wa cherehani bila kukata uzi, uje kuzitenganisha zote mwishoni. Dakika 20 za namna hii zina faida kubwa. Kupiga pasi mishono ni kazi ya dakika 10, mradi ukandamize bila kuburuta, kwa sababu kuburuta huvuta kitambaa, hasa kilichokatwa mshazari. Kuzipiga bandi tabaka tatu, yaani kuzishikiza kwa mishono mirefu ya muda, ndiko kunakodai nusu siku na sakafu tupu, lakini hufanyika mara moja kwa kila mfarishi. Upindo wa mwisho hushonwa kwa mkono jioni, huku redio inazungumza. Kuna pia viraka vya pembe sita vinavyokunjiwa juu ya karatasi ngumu na kuungwa kwa sindano ya mkono: hivyo huingia mkobani, vikashonwa popote mtu anapongojea zamu yake.

Mwizi mkubwa wa muda yuko kwingine, nako ni kuandaa. Toa cherehani kabatini, tafuta waya, tafuta mkasi, safisha meza: nusu saa imekwenda na hujapiga mshono hata mmoja. Kesho yake ukikumbuka usumbufu huo, hutaitoa. Ndiyo maana kona ndogo ambayo cherehani hukaa imefunguliwa inashinda chumba kikubwa cha kupangwa na kupanguliwa. Asiye na kona aweke kila kitu ndani ya kapu moja: mkasi, futi kamba, pini, chaki, nyuzi na bobini zilizojaa. Na kabla ya kuinuka, banisha kwa pini jozi mbili za kuanzia kesho. Kuanza kutakuwa rahisi mno.

Dhana: Umri umeshapita, macho na vidole havikubali

Mwaka 2014 Denise Park na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas huko Dallas walichapisha utafiti wa watu wa miaka 60 hadi 90. Baadhi yao walijifunza kushona mifarishi, wengine kupiga picha za kidijitali, wengine vyote viwili, kwa saa 15 hivi kila wiki kwa miezi 3. Wengine walikutana tu kwa mazungumzo na matembezi, au walifanya mambo mepesi nyumbani. Waliojifunza ujuzi mpya walipata nafuu katika kumbukumbu ya matukio, hasa wale wa kamera. Mimi nasoma hapo kwamba faida huja na ugumu na upya wa jambo. Mshonaji wa miaka mingi asirudie tu mraba anaoujua. Ajaribu mshono wa mviringo, ule unaomtisha.

Macho kweli hubadilika. Kwa wastani, mwanga unaofika ndani kabisa ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja tu ya unaofika kwa kijana wa miaka 20. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu mikono, ongeza taa, na uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi uushone mchana.

Vidole vikigoma, badilisha kifaa. Anna Mary Robertson Moses, Mmarekani aliyezaliwa 1860, alikuwa akitarizi picha kwa nyuzi za sufu mpaka ugonjwa wa viungo ulipomtesa. Akashika brashi akiwa na miaka zaidi ya 70, akachora karibu mpaka alipofariki mwaka 1961 akiwa na miaka 101. Dunia inamjua kama Grandma Moses.

Dhana: Siku 21 zinatosha kujenga mazoea, na ukiruka moja umeharibu

Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Wastani ulikuwa siku 66, ukianzia 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ukiugua au ukipata wageni, endelea ulipoachia.

Dhana: Ulichokianza lazima ukimalize

Hapana. Kama rangi zake hazikupendezi tena, mpe mtu anayezipenda. Mfuko unaokulaumu kila ukifungua kabati hula hamu ya kushona kingine.

Dhana: Kama hakiingizi pesa, ni kupoteza muda

Hili husemwa kwa nia njema: "Shangazi, kazi nzuri hivi, kwa nini usiuze?" Kuuza si dhambi, na kwa wenye pensheni ndogo huenda ni lazima. Lakini oda huja na tarehe, vipimo na rangi za mtu mwingine, na hapo umeajiriwa tena.

Namkumbuka Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1837. Mwaka 1886 alionyesha mfarishi wenye picha za visa vya Biblia. Msanii mmoja, Jennie Smith, akataka kuununua; Powers akakataa. Miaka michache baadaye dhiki ilimlazimisha kuuza kwa dola 5. Akaja mara kadhaa nyumbani kwa mnunuzi kuutazama tu. Leo mfarishi huo umehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington, na hakuna anayeuliza kama muda wake ulipotea.

Anayetaka kuuza aweke idadi mapema, tuseme mfarishi mmoja wa oda kwa mwaka, na asiushone katika saa yake ya asubuhi. Kwa wengine wote wanaoulizia, jibu hili linatosha na ni la kweli: "Huu nashona wangu."