Je, wajua kwa nini daftari za vifo zilizojaa makosa ziliweza kufichua chanzo cha kipindupindu?

Anayefungua orodha za vifo za London za karne ya 17 hukutana na sababu ambazo hakuna daktari wa leo angeziandika: wapo waliokufa kwa "meno", waliokufa kwa "huzuni", na hata wachache waliosemekana kupigwa na sayari. Hata hivyo, orodha hizo, pamoja na daftari za serikali zilizokuja baadaye, ndizo zilizowafikisha wachunguzi kwenye maji yaliyokuwa yakiua watu, karibu miaka 30 kabla ya daktari Mjerumani Robert Koch kuuthibitishia ulimwengu kijidudu cha kipindupindu. Kumbukumbu mbovu ziliwezaje kutoa jibu sahihi?

Orodha hizo hazikuanzishwa kwa ajili ya tiba. Makarani wa parokia walizitoa kila wiki ili wakazi, hasa wenye uwezo wa kuhama, wajue tauni inapopanda na wapi inapopandia. Sababu ya kifo ilitajwa na wanawake wazee maskini walioapishwa na parokia, ambao walikwenda kuikagua maiti na kulipwa peni chache. Hawakuwa na mafunzo yoyote, na juu ya hilo walikuwa na vishawishi. Nyumba iliyothibitika kuwa na tauni ilifungwa kwa siku 40 pamoja na wote waliokuwamo, na mlango wake ukachorwa msalaba mwekundu. Haishangazi basi kwamba familia ilikuwa tayari kumpa mkaguzi chochote ili ataje ugonjwa mwingine. Zaidi ya hayo, waliozikwa nje ya makaburi ya Kanisa la Anglikana, wakiwamo Wakweka (Wakristo wa dhehebu lililojitenga na kanisa hilo) na Wayahudi, kwa kawaida hawakuhesabiwa kabisa.

Mwaka 1662 mfanyabiashara wa nguo aitwaye John Graunt alichapisha uchambuzi wa orodha hizo, na kwa maoni yangu ubora wake hauko katika hesabu tu, bali katika namna alivyolikabili kosa. Alikiri kwamba mkaguzi aliyekwisha kunywa pombe na kupokea rushwa angeweza kuiita kaswende kifua kikuu. Lakini mkaguzi huyo hakuweza kukosea kwamba mtu amekufa, wala kwamba amezikwa katika parokia fulani, wiki fulani. Graunt akajenga hoja zake juu ya yale yasiyopindika kwa urahisi. Aliona, kwa mfano, kuwa katika mwaka wa tauni wa 1625 vifo vilivyodaiwa kutokana na magonjwa mengine vilizidi mara mbili ya kawaida. Kwa kuwa hapakuwa na sababu ya magonjwa hayo yote kupanda kwa pamoja, alihitimisha kuwa ziada hiyo ilikuwa tauni iliyofichwa, na kwamba idadi iliyotangazwa ilipaswa kuongezwa kwa takriban robo. Uongo wa familia zilizoogopa kufungiwa ndani ukawa umeacha alama inayopimika.

Umri wa marehemu nao haukuandikwa wakati huo. Graunt alijumlisha vifo vya magonjwa yaliyojulikana kuwa ya watoto wachanga, akaongeza sehemu ya vifo vya ndui na surua, akakadiria kuwa kati ya watoto 100 waliozaliwa, 36 walikufa kabla ya kutimiza miaka sita. Aligundua pia kuwa London ilizika watu wengi kuliko iliowabatiza, maana yake jiji hilo lilikua kwa sababu tu wageni kutoka mashambani hawakukoma kuingia.

Usajili wa serikali ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837, na hapa tena afya haikuwa shabaha kuu. Watu walihitaji uthibitisho wa kisheria katika mambo ya mirathi, na wasiokuwa Waanglikana walitaka vizazi vyao viandikwe nje ya vitabu vya kanisa. Fomu ya kifo, hata hivyo, ilikuwa na nafasi ya kuandika sababu, na kuanzia mwaka 1839 kazi ya kuchambua taarifa hizo ilikuwa mikononi mwa mtaalamu wa takwimu William Farr. Takwimu za vifo zikaanza kuingia katika siasa. Ripoti ya mwaka 1842 ya Edwin Chadwick, mpigania mageuzi ya afya ya umma, ilionyesha kuwa Liverpool wastani wa umri wa kufa ulikuwa miaka 35 kwa matajiri na 15 kwa vibarua. (Wastani huo haumaanishi kuwa vibarua hawakuzeeka, unamaanisha kuwa watoto wao walikufa kwa wingi.) Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1848 ilikwenda mbali zaidi: mji ambao vifo vyake vilizidi 23 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka uliweza kulazimishwa kuunda bodi ya afya, hata kama walipa kodi wake hawakuitaka.

Farr mwenyewe aliamini kuwa kipindupindu huletwa na hewa chafu. Baada ya mlipuko wa 1849 alionyesha kuwa kadiri mtaa ulivyokuwa juu zaidi ya mto Thames, ndivyo vifo vilivyopungua, akaona kuwa huo ni ushahidi wa mvuke mbaya wa mtoni. Takwimu zake zilikuwa za kweli. Maelezo yake ndiyo yaliyokuwa na kasoro, kwani watu wa mabondeni ndio waliokunywa maji machafu zaidi.

Daktari John Snow, kinyume chake, aliamini kuwa tatizo ni maji. Kipindupindu kilipolipuka Soho, eneo la katikati ya London, mwishoni mwa Agosti 1854, alikwenda katika ofisi ya usajili akachukua orodha ya vifo 83 vya wiki hiyo, akafuatilia anwani moja baada ya nyingine. Vifo 73 vilikuwa karibu na pampu ya mtaa wa Broad kuliko pampu nyingine yoyote, na familia za marehemu 61 zilimwambia kuwa walikuwa wakinywa maji yake. Mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba. Baadaye mchungaji Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakukubaliana na Snow, alikuta katika daftari kifo cha mtoto wa miezi mitano katika nyumba namba 40 ya mtaa huohuo, kilichoandikwa kuwa cha kuhara, si kipindupindu. Palipochimbwa, shimo la maji machafu la nyumba hiyo lilionekana likivujia kisimani.

Mwaka 1866 ugonjwa ulirudi, na safari hii Farr aliona katika taarifa zake za kila wiki kuwa vifo vimejikusanya mashariki mwa London, katika eneo la kampuni moja, East London Water Company. Mhandisi wake alikanusha hadharani kuwa kampuni imewahi kusambaza maji yasiyochujwa. Kisha wateja wakajitokeza kueleza kuwa wamekuta mikunga, samaki warefu kama nyoka ambao wasingepita kwenye chujio, ndani ya mabomba yao.