"Kuwasilisha kazi" ya muziki wa elektroakustiki maana yake nini?

Mtunzi wa kwaya akiambiwa awasilishe kazi, hutuma karatasi yenye noti, na waimbaji watajua wenyewe la kufanya. Kwenye muziki wa elektroakustiki mara nyingi karatasi hiyo haipo. Unachotuma ni sauti yenyewe, tayari kusikika kwenye spika.

Muziki huu hutungwa kwa sauti zilizonaswa au kuzalishwa kwa umeme: mvua juu ya bati, bawaba inayolia, pumzi ya mtu. Mtunzi huikata sauti, huivuta, huigeuza nyuma mbele, mpaka bawaba isikike kama nyangumi. Wengi huanza historia yake Paris mwaka 1948, pale Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa alipotunga kipande kwa sauti za treni alizorekodi kituo cha Batignolles. Mimi huanza Cairo. Mwaka 1944 mtunzi wa Misri, Halim El-Dabh, alirekodi sherehe ya zar, ambayo watu wa pwani wataitambua kuwa ndugu wa kupunga pepo, kwa mashine ya waya wa chuma, kisha akaichuja na kuitia mwangwi studioni.

Kazi za namna hii mara nyingi huwasilishwa kwenye makongamano. Maarufu zaidi pengine ni lile la kimataifa la muziki wa kompyuta, ICMC, lililoanza mwaka 1974 huko Michigan State University, Marekani. Hapo watafiti husoma makala mchana, na jioni kuna konseti. Mwaliko wa kazi, yaani tangazo la kuwaomba watunzi watume kazi zao, ndio mlango wa kuingilia konseti hizo.

Kazi huwa za aina kuu mbili. Kuna iliyokamilika ndani ya faili: ukibonyeza, imeanza. Na kuna ya ala pamoja na kompyuta, tuseme filimbi na programu inayoisikiliza na kuijibu. Hii ya pili huhitaji noti, rekodi ya mfano na, jambo linalowashtua wageni, mara nyingi mpiga filimbi uje naye wewe mwenyewe.

Mara nyingi jopo linalochagua kazi husikiliza bila kujua mtunzi ni nani. Ndiyo maana huambiwa uondoe jina. Watu hulifuta kwenye fomu wakalisahau kwenye jina la faili, au kwenye taarifa zilizojificha ndani yake, na kazi ikaondolewa kabla ya kusikilizwa. Wakiomba kazi ya chaneli nane, maana yake ni spika nane zinazoizunguka hadhira, kila moja na sauti yake kutoka faili lake. Sasa chukulia umepanga ndege azunguke ukumbi. Faili la tatu na la saba zikibadilishana nafasi, ndege harukii mduara tena. Anatoweka kulia na kuibukia kushoto kama mzuka. Hivyo andika namba waziwazi, na chora mchoro wa spika hata kama hukuombwa.

Kazi kuwa yako hakumaanishi kwamba kila sauti uwe umeizalisha wewe. Lakini ukitumia ngoma uliyorekodi harusini, aliyeipiga ni mtu. Mwombe.

Kukubaliwa nako kuna gharama zake. Aghalabu mtunzi halipwi. Yeye ndiye hulipa ada ya kushiriki, nauli na viza, na kwa anayetoka Dar es Salaam au Nairobi hesabu hiyo inaweza kuamua yote. Nionavyo mimi, masharti ya kuhudhuria ndiyo ya kusoma kwanza, kabla hata ya urefu wa kazi, ambao mara nyingi ni dakika 10 hivi.

Siku ya konseti taa hupunguzwa, jukwaa likiwa tupu. Mtunzi hukaa katikati ya watu, vidole vyake kwenye meza ya kuchanganyia sauti, akiisukuma sauti spika hii na kuipunguza ile. Ikiisha, watu hupiga makofi huku wakigeuza shingo, wakitafuta wampigie nani.