LPS, TLR4 na mwatiko: ramani ya binadamu haimfai samaki

Mtu akidungwa LPS, ile molekuli ya mafuta na sukari iliyotanda kwenye utando wa nje wa bakteria kama E. koli, nanogramu chache kwa kila kilo ya uzito zinatosha kumpandisha homa. Samaki wengi wanastahamili dozi kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana. Hata hivyo rasimu za utafiti wa mwatiko na sato zinaendelea kufunguliwa kwa sentensi ileile: "Kipokezi cha TLR4 hutambua LPS." Kwa binadamu na panya ni kweli. Kwa samaki wa vidimbwi vya ufugaji vya Makoba, Zanzibar, mimi ningeifuta kwanza hiyo.

Kipokezi cha TLR (Toll-like receptor, yaani kipokezi mfano wa Toll) ni protini iliyopenya utando wa seli. Upande wa nje umejikunja kama mundu, na hapo ndipo kinapogusana na kipande cha kimelea. Upande wa ndani una sehemu iitwayo TIR, inayodaka protini ya MyD88, na kutoka hapo taarifa inapokezanwa hadi protini ya NF-kB inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za uvimbe kama IL-1β na TNF. Jina Toll limetoka kwa inzi mdogo wa matunda: mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann lilionesha kwamba inzi asiye na Toll anauliwa na kuvu. Mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler likagundua kuwa panya wasiojali LPS wana kasoro katika TLR4. Wote wawili walipata Nobel mwaka 2011.

Vipokezi hivi havina kumbukumbu. Vinachotafuta ni kitu ambacho kimelea hawezi kukiacha bila kujidhuru. Tuchukue flajelini, tofali linalojenga mkia wa kuogelea wa bakteria. TLR5 hushika sehemu ya flajelini iitwayo D1, ambayo ndiyo inayofungamanisha tofali moja na jenziwe. Bakteria akiibadilisha ovyo, mkia haujengeki. Lakini sehemu hiyo imefichwa ndani ya mkia uliokamilika, kwa hiyo kipokezi kinaona matofali yaliyobanduka tu, si mkia mzima. Na Vibrio wengi wa baharini wameuvisha mkia wao ala ya utando, mfano wa jambia. Kwa hiyo ukipika bakteria mzima na kumwita "kichocheo cha TLR5", hujui umetia flajelini kiasi gani. Nunua au safisha flajelini yenyewe.

Samaki wana nyongeza hapa. Mbali na TLR5 ya kwenye utando, wengi wana TLR5 nyengine isiyo na mzizi, inayoelea kwenye damu. Katika samaki trauti, ile ya utando ikishaamshwa, ini hutoa ile inayoelea, nayo huikuza taarifa. Binadamu hana hiyo.

Binadamu ana TLR kumi zinazofanya kazi. Ukijumlisha samaki wa aina zote, aina za TLR zinakaribia ishirini. TLR22, kwa mfano, hukaa juu ya seli na kushika RNA ya nyuzi mbili ya virusi, wakati TLR3 hufanya kazi hiyo ndani ya vifuko vya seli. Bunju wa Kijapani hana kabisa TLR4. Danio wa milia, samaki mdogo wa maabara, anayo, lakini haiitikii LPS kama ya kwetu. Samaki kodi wa Atlantiki (kamusi nyengine humwita chewa, ila si chewa wetu wa mwambani) ndiye wa ajabu zaidi: jenomu yake iliyochapishwa mwaka 2011 ilionesha kuwa amepoteza MHC ya daraja la pili pamoja na CD4, protini ambazo kinga yenye kumbukumbu huzitegemea, na badala yake ana nakala nyingi za baadhi ya TLR. Wala si samaki peke yao. Kuku hana RIG-I, kipokezi cha RNA ya virusi kilichomo ndani ya seli, bata anacho.

Sasa maabara. Kosa ninaloliona sana ni LPS chafu. LPS ya bei nafuu huja na mabaki ya peptidoglikani, ile nyavu ya ukuta wa bakteria. Makrofaji (seli zinazomeza vimelea) za trauti zimeshaoneshwa kuitikia hayo mabaki huku zikiipuuza LPS iliyosafishwa vizuri. Ukipata IL-1β imepanda, usikimbilie kuandika TLR4. Rudia kwa LPS iliyosafishwa, na kundi jengine ulipatie peptidoglikani peke yake.

Vianzishi vya PCR, vile vipande vifupi vya DNA vya kuchagua jeni unayoipima, usivikope kwa binadamu wala kwa danio. Jenomu ya mwatiko imeshasomwa na iko wazi. Anza kutafuta kwa sehemu ya TIR, ambayo haibadiliki sana, ndipo uende upande wa mundu. Jeni ya kulinganishia isiwe beta-aktini peke yake, maana seli iliyoamka hubadilisha umbo na aktini nayo ikabadilika. Ongeza jeni ya EF1α, kisha hakikisha zote mbili zimetulia kabla ya kuzitumia.

Chukua figo ya mbele, wengu na matamvua. Kata vipande visivyozidi nusu sentimita, vitie kwenye dawa ya kuhifadhia RNA mara tano ya ujazo wake, vilaze usiku mmoja kwenye friji ya nyuzi 4, kisha nyuzi -20. Kwa maji yetu ya joto nashauri saa 3, 6, 12, 24 na 48 baada ya kuchoma sindano. Anayekwenda saa 24 tu anakuta moto umeshazimika.

Samaki aliyefukuzwa na wavu nusu saa ana kotisoli, homoni ya mfadhaiko, juu, na kotisoli hukandamiza jeni hizohizo unazopima. Vilevile usichukue sampuli siku bamvua limeingiza maji mapya kidimbwini: hutojua kilichowaamsha ni sindano yako au bakteria waliokuja na maji. Na kundi la samaki waliochomwa maji ya chumvi ya sindano (saline) matupu lazima liwepo, lishikwe kwa wavu uleule, kwa muda uleule.