Dabo ni ipi katika krosheti?

Dabo ni pigo la msingi katika krosheti, yaani ufumaji wa sindano moja yenye ndoano, na hapo ndipo maelezo ya wengi yanapoishia. Lakini jina hilo limebeba mapigo mawili tofauti. Kuna dabo ya Uingereza, ambayo ni fupi na imebana, na kuna dabo ya Marekani, ambayo ni ndefu karibu mara mbili. Anayekwambia "piga dabo" bila kusema ya wapi hajakueleza kitu bado.

Nimeamua kuandika kwa sababu hapa Mwanza sentensi moja inarudiwa kila watu wanapoanza kufuma blanketi la mtoto: "Haya maelekezo ya kwenye simu ni ya uongo." Mtu amenunua uzi Makoroboi, amefuata video neno kwa neno, kisha mraba umetoka mfupi, mgumu, na zile nundu alizoziona kwenye picha hazipo. Analaumu video. Wengine wanalaumu uzi, na wapo wanaomlaumu mama aliyewafundisha, jambo linaloniuma zaidi, maana mama huyo alifundisha vizuri kabisa.

Chukua sindano tuone. Ingiza sindano, vuta uzi, na sasa una vitanzi viwili kwenye sindano. Chukua uzi tena uupitishe kwenye vyote viwili kwa mkupuo. Ukihesabu vitanzi vilivyokuwa kwenye sindano, ni viwili: dabo. Ndivyo Mwingereza anavyoliita. Ukihesabu mara ulizopitisha uzi ili kumaliza, ni moja tu: singo. Ndivyo Mmarekani anavyoliita. Pigo ni lilelile, mkono ni uleule.

Sasa zungushia uzi kwenye sindano kabla ya kuingiza. Ukivuta unapata vitanzi vitatu, na kumaliza kwake unapitisha uzi kwenye viwili, halafu kwenye viwili vilivyobaki. Vitanzi vitatu, kwa hiyo kwa Mwingereza ni trebo. Umepitisha mara mbili, kwa hiyo kwa Mmarekani ni dabo. Ukiendelea kwenye mapigo marefu zaidi, Mmarekani anabaki nyuma kwa jina moja kila mara: trebo yake ndiyo dabo trebo ya Mwingereza. Hata Waingereza wenyewe zamani walikuwa na singo, ila walilipa jina hilo pigo dogo la kuunganishia, lile la kupitisha uzi moja kwa moja bila kupata kimo. Jina hilo lilipoachwa, kwao orodha ikabaki inaanzia kwenye dabo, na mgeni akiiona anadhani kuna pigo limesahaulika.

Kwetu mchanganyiko huu una sababu ya wazi. Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza hadi 1961, na bibi zetu waliofundishwa kufuma shuleni au misheni enzi hizo walipokea majina ya Uingereza. Wakawarithisha mama zetu pamoja na vile vitambaa vya makochi. Binti wa leo wa Igoma au Kirumba anajifunzia kwenye simu, na video nyingi anazozikuta ni za Marekani. Anakaa na bibi yake barazani, wote wanasema dabo, na kila mmoja anamwona mwenzake hajui.

Kwenye kitambaa kisicho na nundu kosa hili linaweza kujificha. Kwenye blanketi la miraba yenye bisi halijifichi. Bisi, yaani ile nundu iliyotuna kama punje ya mahindi iliyopasuka, kwa kawaida hufumwa hivi: unapiga dabo tano za Marekani kwenye tundu moja, unachomoa sindano, unaiingiza juu ya ile ya kwanza, unakidaka kitanzi ulichokiacha na kukivuta kipite. Mapigo matano marefu yaliyobanwa juu na chini hayana pa kwenda, yanatuna. Ukizipiga hizo tano kwa dabo ya bibi, kimo cha kujikunja hakipo, unapata kifundo kidogo tu. Tena mistari yote inakuwa mifupi wakati upana haujabadilika, na mraba unageuka mstatili.

Kinyume chake nacho kinatokea. Maelekezo ya Uingereza yanataka dabo fupi iwe uwanja, yaani sehemu bapa ya nyuma, na bisi za trebo zisimame juu yake. Ukiusoma uwanja huo Kimarekani, unarefuka hadi kulingana na bisi, nundu zinazama, na blanketi linakula uzi mwingi kuliko ulivyonunua.

Kutambua si kazi ngumu. Maelekezo yakitaja singo mahali popote, karibu kila mara ni ya Marekani. Kama hayaitaji, tazama idadi ya minyororo ya kupandia mwanzoni mwa mstari, yaani vile vitanzi vinavyopitishwa kimoja ndani ya kingine, mimi hapo ndipo ninapopaamini zaidi: mnyororo mmoja kisha dabo ni Uingereza, minyororo mitatu kisha dabo ni Marekani, kwa sababu mnyororo hupandishwa hadi kimo cha pigo linalofuata. Na kama kuna mchoro, achana na majina kabisa. Alama ya kujumlisha au ya msalaba mdogo ni lile pigo fupi, na herufi T iliyokatwa kiunoni kwa kistari kimoja ni lile refu, awe amechora Mwingereza au Mmarekani.

Kwa hiyo, dada yangu, bibi akikwambia "mjukuu wangu, hiyo si dabo, hiyo ni trebo," usimbishie na wala usiifute video. Mwombe akupigie trebo zake tano kwenye tundu moja, umwonyeshe jinsi ya kuzifunga ziwe bisi. Na ninyi mnaoandika maelekezo kwa Kiswahili na kuyatuma kwenye makundi, nawaomba mstari mmoja tu pale juu, kabla ya idadi ya uzi na namba ya sindano: dabo hii ni ya minyororo mingapi.