Jiwe moja, tarehe tatu: umri wa miamba geu ya Nyanda za Juu Kusini

Mtu akiokota jiwe linalometameta kwenye mkato wa barabara ya Mbeya kwenda Chunya, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: lina miaka mingapi? Kwa lava ya Rungwe swali hilo lina jibu moja, siku ilipotoka na kupoa. Kwa jiwe lililoanza kama mchanga au tope, likazikwa, likapikwa, kisha likarudishwa juu, majibu ni matatu. Punje zake zilizaliwa lini? Zilituama lini? Zilipikwa lini? Majibu hayo yanaweza kupishana kwa zaidi ya miaka bilioni moja na yote yakawa sahihi. Mabishano mengi kuhusu umri wa miamba yetu huanzia hapo: mmoja ametaja tarehe ya kupikwa, mwenzake ametaja ya punje, na hakuna aliyesema anazungumzia ipi.

Msimu wa kiangazi, Iringa na Mbeya, matanuru ya tofali hufuka moshi kandokando ya mashamba. Tofali huingia tanuruni likiwa udongo, likatoka likiwa jiwe, bila kuyeyuka. Lililokaa jirani na mdomo wa moto huiva hadi kung'aa kama kioo. La pembeni bado humenyeka kwa kucha. Miamba geu, yaani miamba iliyobadilishwa na joto na uzito bila kuyeyuka, imepatikana kwa namna hiyo hiyo, ila tanuru lake liko kilomita 10, 20 au zaidi chini ya ardhi. Kuni zake ni joto la ndani ya dunia, ambalo kwa kawaida huongezeka nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita unayoshuka. Na kuna kitu ambacho mchoma tofali hana: uzito wa milima juu ya mzigo wake. Uzito huo, pamoja na msukumo wa mabamba ya dunia yanayogongana, ndio uliolaza vijisahani vya ulanga, madini yanayometameta, vikaelekea upande mmoja, na ndiyo maana shisti, mwamba geu uliojaa ulanga, hupasuka kwa kurasa.

Kinachotoka hutegemea kilichoingia. Mchanga safi hugeuka kwatzaiti, chokaa hugeuka marumaru, tope hugeuka filaiti, kisha shisti, kisha naisi kadiri joto linavyopanda. Tope ndilo lenye habari nyingi zaidi, kwa sababu lina alumini ya kutosha kuotesha madini yanayofanya kazi ya kipimajoto. Garneti nyekundu huanza kuonekana joto likikaribia nyuzi 500. Kayanaiti, andalusaiti na silimanaiti zimeundwa kwa viambato vile vile kabisa, lakini kila moja ina mazingira yake: kayanaiti, yenye vibao vya buluu, hupenda shinikizo kubwa, silimanaiti, yenye nyuzinyuzi, hupenda joto kali, andalusaiti hukaa kina kifupi. Mipaka ya hizo tatu hukutana karibu na nyuzi 500, kwenye kina cha takribani kilomita 15. Ukikuta vibao vya kayanaiti kwenye shisti kando ya njia, tope hilo lilishuka kina ambacho hakuna mgodi duniani uliowahi kukifikia.

Kusini magharibi mwa nchi miamba hii imo kwenye mikanda miwili mikubwa inayozunguka kiini kikongwe cha katikati mwa Tanzania, ambacho granaiti zake nyingi (miamba iliyoyeyuka ikapoa chini ya ardhi) zina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mkanda wa Ubendi unatoka Katavi na Ufipa, unapita Mbozi na Mbeya, unaelekea Ziwa Nyasa. Mkanda wa Usagara umepita upande wa Iringa. Katikati ya Mbeya na Tukuyu usisumbuke sana kuitafuta: majivu na lava za volkeno zimeifunika, na volkeno hizo ni vitoto mbele ya kilicho chini yake. Tafuta pale mto ulipokata, au kwenye kingo za Bonde la Ufa.

Naisi peke yake haitoshi kukwambia asili yake. Granaiti iliyopondwa na tope lililopikwa sana vinaweza kufanana hadi mtaalamu akakuna kichwa. Ushahidi wa asili ya mashapo, yaani mchanga na tope vilivyotuama, ni majirani: naisi inayopishana na tabaka za kwatzaiti na marumaru, tena ikiwa imejaa garneti na kayanaiti, karibu kila mara ilikuwa tope. Kinywe kikiwemo, kile kinachopaka vidole rangi ya penseli, aghalabu ni mabaki ya kaboni iliyotuama pamoja na tope. Tahadhari moja kuhusu mistari: mistari ya ulanga si lazima iwe tabaka za zamani. Mwamba ukikunjwa, ulanga hujipanga upya kufuata mkandamizo, na mistari mipya inaweza kukata tabaka kwa pembe yoyote. Fuata badiliko la aina ya jiwe, achana na mng'ao.

Kosa jingine la kawaida lipo Songwe, magharibi mwa jiji la Mbeya. Chemchemi za maji moto zimetandaza chokaa nene pale, na ni rahisi kuidhania marumaru ya kale. Tone la asidi halikusaidii, maana zote mbili hutoa povu. Angalia matundu na mikanda iliyojipinda kufuata maji yalivyotiririka. Marumaru iliyopikwa haina matundu hayo, ina fuwele zilizoshikana kama chembe za sukari guru. Nguzo za Isimila, karibu na Iringa, nazo, pamoja na uzuri wake, ni mashapo machanga yaliyochongwa na mvua. Hazijawahi kupikwa.

Saa iliyomo ndani ya punje

Kaboni 14 haina kazi hapa. Nusu ya kaboni hiyo hupotea kila baada ya miaka 5,730, na baada ya miaka kama 50,000 hakibaki cha kupima. Visukuku vya wanyama navyo havitusaidii, kwa sababu mashapo haya yalituama kabla wanyama wenye magamba na mifupa hawajatokea. Saa inayofaa ni zirkoni, punje ngumu ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko nukta iliyo mwisho wa sentensi hii.

Zirkoni huota ndani ya mwamba ulioyeyuka, granaiti hasa. Wakati inaota hupokea urani na kuikataa risasi. Kwa hiyo risasi utakayoikuta ndani yake baadaye, karibu yote, ilizaliwa humo humo kwa urani kuoza. Urani zenyewe ni mbili: urani 238 hupungua nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47, urani 235 kila baada ya miaka milioni 704. Chukua punje ya miaka bilioni 1.9. Kati ya kila atomu 1,000 za urani 238 zilizokuwepo, zimebaki kama 745. Za urani 235 zimebaki kama 154 tu. Hizo ni saa mbili ndani ya punje moja, zinakwenda kwa kasi tofauti. Zikisoma tarehe moja, punje haijavuja. Zikitofautiana kupita asilimia 10, maabara nyingi huiweka kando.

Granaiti ikimomonyoka, zirkoni husombwa na mto pamoja na mchanga bila kuharibika. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Chunya wanaijua bila kuijua: imo kwenye ule mchanga mweusi unaobaki chini ya karai pamoja na chembe za sumaku, kwa kuwa uzito wake ni gramu 4.6 hadi 4.7 kwa sentimita ya ujazo, wakati kwatzi, madini ya mchanga wa kawaida, ni 2.65.

Sasa fikiria gunia la maharage ya mchanganyiko sokoni. Ukiyachambua utajua yametoka mashamba gani. Utajua jambo la pili pia: gunia halikushonwa kabla ya maharage machanga kuliko yote kuvunwa. Kwatzaiti ni gunia la namna hiyo. Zirkoni zake zikisoma bilioni 2.7, zinaelekeza kwenye kiini kikongwe cha nchi. Zikisoma bilioni 2.0 au 1.9, mashamba ni ya mikanda yenyewe. Kundi changa kuliko yote linaweka ukomo: mchanga ulituama baada ya hapo. Baada kwa muda gani? Zirkoni za mchanga hazisemi. Ukomo wa upande wa pili hutolewa na granaiti iliyopenya tabaka na kuzikata, au na tarehe ya kupikwa, kwa sababu huwezi kupika kisichokuwepo. Ndiyo maana tarehe ya kutuama, ambayo kila mtu anaitaka, hubanwa kati ya tarehe mbili, na pengine nafasi ya kati ikawa mamilioni mengi ya miaka. Ripoti inayoitaja kama namba moja kavu kwa jiwe la aina hii, bila lava au majivu ya volkeno kati ya tabaka, isomwe kwa jicho la pili.

Kutoka nyundo hadi leza

Kwa kwatzaiti, kilo 5 zinatosha. Kwa shisti chukua 10 au zaidi, maana zirkoni za tope ni chache na ndogo. Vaa miwani, kwatzaiti hurusha vipande vikali kama chupa. Gonga mpaka upate jiwe zima, lisilo na kutu wala udongo ndani ya nyufa, na uepuke mikanda myeupe ya kwatzi iliyopenya baadaye, kwani itakuongezea mzigo usio na punje. Andika mahali kwa GPS na uandike pia mfumo wa vipimo. Ramani zetu za zamani zimechorwa kwa Arc 1960 na simu husoma WGS84. Ukichanganya hiyo miwili, sampuli yako itahama takribani mita 300, umbali unaotosha kuivusha mpaka wa miamba.

Maabara huvunja jiwe, huchekecha hadi chini ya nusu milimita, huosha kwa meza inayotikisika (binamu wa karai), hutoa chembe za sumaku, kisha humwaga kinachobaki kwenye kimiminika kizito ambamo kwatzi huelea na zirkoni huzama. Punje hupangwa kwenye kidonge cha epoksi (gundi inayoganda ikawa ngumu) na kusuguliwa hadi nusu ya unene wake ibaki. Hapo hupigwa picha kwa miale ya elektroni, na pete za ndani huonekana kama pete za mti uliokatwa. Leza huchimba kishimo cha maikromita 20 hadi 40 na mashine hupima kilichotoka.

Mengi huharibika kabla ya leza. Kinu kisichosafishwa hubeba punje za sampuli ya jana, na punje moja ya kigeni iliyo changa inaweza kupotosha umri wa mwamba mzima. Anayechagua punje kwa mkono huvutwa na kubwa zenye kung'aa, akaacha ndogo zenye mawingu, na shamba zima likapotea kwenye hesabu. Idadi nayo ina maana: ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba hukukosa kundi lolote linalofikia asilimia 5 ya mchanga, unahitaji kupima punje 117. Kupima 30 na kutangaza kwamba kundi fulani halimo ni kujidanganya. Na usiamini punje moja changa iliyo peke yake. Huenda imevuja risasi, na zirkoni iliyovuja husoma umri mdogo kuliko wake. Subiri kundi la punje tatu au zaidi zinazokubaliana.

Kishimo cha leza kikiangukia mpakani mwa kiini cha punje na ganda lililoota juu yake baadaye, tarehe itakuwa ya katikati, ambayo haikuwahi kutokea. Picha za pete zipo kwa ajili ya hilo. Ganda jembamba lililoota wakati wa kupikwa mara nyingi lina thoriamu kidogo sana, chini ya sehemu moja ya kumi ya urani yake, na ndilo linalotoa tarehe ya tanuru. Monazaiti, madini mengine yanayopimika umri, ikiwa ndani ya shisti hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mkanda wa Ubendi una matanuru zaidi ya moja. Kuna upishi wa takribani bilioni 2.0 hadi 1.8, miamba ya mashapo ya eneo la Wakole, kaskazini magharibi mwa mkanda, inaonyesha mwingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na Ufipa kuna ekolojaiti, mwamba unaozaliwa chini ya shinikizo kubwa sana, zilizopimwa kati ya milioni 590 na 520. Upande wa Usagara, ekolojaiti za kilima cha Yalumba zina karibu bilioni 2.

Kwa hiyo saa ya kupima unapaswa kuichagua kwa makini. Ulanga mweusi, ambao saa yake ni argoni (gesi inayozaliwa humo potasiamu ikioza), hupoteza kumbukumbu hiyo ukizidi takribani nyuzi 300, wakati zirkoni hushika risasi yake hata kwenye nyuzi 900. Jiwe lililopikwa bilioni 1.9 iliyopita, kisha likapashwa moto upya milioni 550 iliyopita, linaweza kuonyesha tarehe ya pili kwenye ulanga na ya kwanza kwenye zirkoni, zote ndani ya kipande kinachoingia mfukoni. Fundi wa maabara hawezi kubahatisha unataka ipi. Kwenye mfuko wa sampuli, chini ya namba na mahali, andika: punje, kutuama, au kupikwa.