Maji Maangavu si Lazima Yawe Safi: Dhana potofu kuhusu kuupima na kuulinda mto

Vikundi vingi vya kulinda mito huanza na kazi inayoonekana: kuokota chupa za plastiki, kupanda miti, kupiga picha ya pamoja. Si vibaya. Ila mto unaweza kukosa hata chupa moja na bado ukawa mgonjwa, na nguvu za watu zikaishia mahali pasipo na tatizo. Dhana nyingi zilizo hapa chini zinatokana na kuyaamini macho, tena macho ya siku moja.

"Maji yakiwa maangavu, ni safi."

Hii ndiyo kongwe kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara zaidi. Bakteria, naitreti (chumvi inayotokana na mbolea na kinyesi), zebaki na mabaki ya viuatilifu vinaweza kuwamo majini kwa kiwango cha kudhuru bila kuonekana. Shirika la Afya Duniani linataka naitreti katika maji ya kunywa isizidi miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya chupa. Ikizidi hapo, hutaiona wala kuinusa. Bakteria aina ya E. coli, wanaoishi matumboni mwa watu na wanyama wenye damu moto, hawatakiwi kupatikana hata kidogo katika mililita 100 za maji ya kunywa. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, sumu ilitoka kiwandani ikaingia kwenye ghuba, ikajilimbikiza ndani ya samaki, na watu wakala samaki. Walioathirika hawakuweza kuiona sumu hiyo majini.

Kinyume chake nacho kipo. Maji ya rangi ya chai yanayotoka misituni na kwenye vinamasi mara nyingi yametiwa rangi na majani yaliyooza tu. Tope ni habari nyingine: huziba matamvua ya samaki, huzuia mwanga, na chembe zake hubeba fosforasi na bakteria.

"Wachafuzi ni viwanda."

Kiwanda kina bomba, na bomba lina mwenyewe, kwa hiyo ni rahisi kulinyooshea kidole. Tarehe 22 Juni 1969 Mto Cuyahoga, katika jiji la Cleveland nchini Marekani, uliwaka moto kwa sababu ya mafuta na taka zilizoelea juu yake. Mwaka 1972 ikapitishwa sheria ya maji safi iliyoyabana mabomba hayo. Kilichobaki kigumu ni uchafu usio na bomba: mbolea mashambani, kinyesi cha mifugo, mafuta barabarani, vyoo vinavyovuja. Huo hutoka katika dakio zima la mto, yaani ardhi yote ambayo mvua yake huishia humo, ikiwemo nyumba iliyo mbali kiasi kwamba wenyewe hawajawahi kuuona huo mto.

Mvua ndiyo gari la uchafu huo, na ile ya kwanza baada ya kiangazi kirefu hubeba mzigo mkubwa. Kikundi kinachopima Jumamosi zenye jua peke yake kinauona mto ukiwa umevaa nguo za sikukuu.

"Maji yanayokwenda hujisafisha."

Nusu ni kweli. Mwaka 1925 wataalamu wawili, Streeter na Phelps, kutokana na utafiti wa Mto Ohio nchini Marekani, walieleza kwa hesabu kinachotokea maji taka yakiingia mtoni: bakteria hula uchafu huku wakitumia oksijeni, oksijeni inashuka, kisha inapanda tena mbele zaidi. Kwa hiyo mto hupona kweli, ukipewa umbali na usipokutana na bomba jingine njiani. Metali nzito, kama zebaki, hazimo katika hesabu hiyo. Zenyewe haziozi, hutulia kwenye tope la chini zikisubiri mafuriko yaziamshe.

Oksijeni yenyewe ni chache kuliko watu wanavyodhani. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yakishiba oksijeni hubeba kama miligramu 9 kwa lita, na ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Ikishuka chini ya 5, samaki wengi huanza kutaabika. Mahali penye mwani mwingi oksijeni hupanda sana alasiri, kwa sababu mwani huitengeneza kukiwa na jua, kisha hushuka usiku kucha. Ndiyo maana samaki wanaweza kufa alfajiri mahali ambapo kipimo cha saa tisa alasiri kilionyesha mambo shwari.

"Vipimo vya wananchi ni mchezo, kazi hiyo ni ya maabara."

Vitakuwa mchezo kila mtu akipima kivyake. Kinachofanya kipimo kiaminike ni utaratibu, na utaratibu unafundishika. Anayechukua sampuli huingia mtoni akielekea maji yanakotoka, ili tope analotibua lisombwe nyuma yake. Chupa ya kupimia bakteria haisuuzwi kwa kuwa imeshatakaswa; ya kupimia kemikali kwa kawaida husuuzwa mara tatu kwa maji ya mto huohuo. Kifuniko hakiwekwi chini wala hakiguswi kwa ndani. Chupa huzamishwa mdomo ukiangalia chini, kisha hugeuzwa kuukabili mkondo, na juu huachwa nafasi kidogo ya hewa. Sampuli huwekwa kwenye boksi la barafu, maana bakteria huzaana au kufa njiani, na hupimwa ndani ya saa 24, heri mapema zaidi. Daftarini huandikwa saa, joto la maji, na kama mvua ilinyesha jana.

Vipo pia vipimo visivyohitaji maabara kabisa. Geuza jiwe lililo kwenye maji yanayokwenda kasi. Ukikuta wadudu wachanga bapa wenye mikia mitatu kama nyuzi, hao huhitaji oksijeni nyingi, na uwepo wao unasimulia miezi kadhaa iliyopita, jambo ambalo chupa ya leo haiwezi. Ukikuta mabuu mekundu membamba na ruba tu, shuku. Afrika Kusini wamerahisisha njia hii kwa jina la miniSASS, ambapo kila kundi la viumbe lina alama zake, na hata wanafunzi huitumia.

"Mti wowote kando ya mto ni faida."

La. Mikaratusi hunywa maji mengi. Kinachochuja maji ya mvua ni ukanda wa nyasi, vichaka na miti ya asili. Na ng'ombe wakiendelea kushukia hapohapo, miche haimalizi msimu. Wawekewe birika la kunywea maji mbali na ukingo.

"Mto huu umeshakufa."

Mto Thames wa London, Uingereza, ulitangazwa mwaka 1957 kuwa hauna uhai. Mitambo ya maji taka ikaboreshwa, na mwaka 1974 akapatikana samaki aina ya salmoni ndani yake.

"Tukipima, wahusika wataona."

Daftari lililofungwa kabatini halionwi na mtu. Takwimu zenye nguvu ni za jozi: kituo kimoja cha kupimia kabla maji hayajafika kwenye mfereji unaoshukiwa na kingine baada ya kuupita, vikipimwa siku moja kwa njia moja. Kituo kimoja peke yake kinasema mto ni mchafu. Viwili vinasema unachafukia wapi. Afisa anaweza kubishana na malalamiko hadi jioni, lakini akiwekewa jedwali la vituo viwili kwa mwaka mzima, misimu ya mvua ikiwemo, itambidi aje na chupa zake.